Kazi Niliyoiachia Hamira: Kupika Tripel Nyumbani

Orodha ya viungo vya tripel, bia kali ya Kibelgiji ya rangi ya dhahabu, inaenea kiganjani: kimea cheupe cha shayiri, sukari, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), maji na hamira. Basi. Hakuna kimea kilichochomwa, hakuna maganda ya chungwa, hakuna giligilani. Lakini mpe glasi mtu asiyeijua, umuulize ameonja nini. Atakutajia ndizi mbivu, karafuu, pilipili manga na asali kwa mbali, na ukimwambia hakuna hata kimoja kilichotiwa humo, hakuamini.

Vyote hivyo vimetoka kwa hamira. Nimepika bia za aina nyingi nyumbani, na katika nyingi kazi ya mpishi ni kuchagua: kimea gani, hopsi zipi, kiasi gani. Kwenye bia za Kibelgiji uchaguzi huo unaisha mapema, halafu unabaki na kiumbe hai ndani ya ndoo kinachofanya yake usiku na mchana. Watu huniomba mapishi, nami huwapa bila hiana, ila mapishi ndiyo yaliyonifundisha kidogo kuliko yote. Shule yenyewe ilikuwa zile wiki mbili tatu baada ya kufunga mfuniko.

Bia niliyoiweka mbele yangu kama kigezo ni tripel ya Westmalle, monasteri ya Watrapisti katika mkoa wa Antwerpen. Watawa wale walianza kuuza bia kwa jina la tripel mwaka 1934, wakairekebisha mwaka 1956, na tangu hapo hawajaigusagusa sana. Ina asilimia 9.5 ya kilevi na rangi ya dhahabu, na inamaliza kavu mdomoni. Huo ukavu ndio unaowashinda wengi. Bia kali inayobaki tamu hukinaisha kabla hujafika nusu ya glasi. Ya Westmalle unaimaliza na kutamani nyingine, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Nguvu hiyo ina historia yake. Mwaka 1919 Ubelgiji ilipitisha sheria iliyojulikana kwa jina la waziri Vandervelde, iliyokataza kuuza vinywaji vikali kwenye baa. Wanywaji waliozoea kitu chenye makali wakageukia bia, na watengenezaji hawakuchelewa kuliona soko. Sheria ilikuja kufutwa mwaka 1983, lakini wakati huo bia kali zilikuwa zimeshakuwa mila. Ninapowaona wanaopika nyumbani wakikimbilia asilimia 11 au 12 kwa ajili ya kujisifu tu, naona wamekamata nusu ya hadithi. Ustadi wa bia hizi uko katika kuuficha ule ukali.

Kwa kawaida napika lita 20. Kwa kiasi hicho natumia kilo 6 za kimea cha pilsner na kilo 1 ya sukari nyeupe ya kawaida, na haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa bia ukilinganishwa na maji, hunipa kipimo cha mwanzo ambacho, sukari ikihesabiwa, hakipishani sana na 1.080. Ikimaliza kuchacha inashuka hadi 1.010 au chini kidogo. Toa kipimo cha mwisho katika cha mwanzo, zidisha kwa 131, unapata kilevi cha asilimia 9 na ushei.

Sukari ndiyo inayozua ubishi. Wapo wanaokunja uso wakisikia bia ina sukari, wakidhani ni njia ya kubana matumizi. Ukweli ni kinyume cha wanavyodhani: sukari haileti utamu, inauondoa. Kimea huacha mabaki mazito ambayo hamira haiwezi kuyala, na hayo ndiyo yanayoipa bia unene. Sukari huliwa yote, haiachi kitu isipokuwa kilevi na gesi. Kwa hiyo ukichukua sehemu ya kimea na kuweka sukari mahali pake, bia inapata nguvu ileile ikiwa nyepesi zaidi. Sukari ikichangia kati ya asilimia 10 na 20 ya chakula chote cha hamira, uko sawa. Ukizidisha sana, bia inakonda, inabaki kilevi kitupu kilichosimama peke yake.

Wapo pia wanaosisitiza kwamba lazima iwe ile sukari ya mawe inayouzwa kwa ajili ya bia za Kibelgiji. Kwa tripel sioni haja. Hamira ina kimeng'enya chake cha kuivunja sukari ya kawaida kuwa glukosi na fruktosi, na inaifanya kazi hiyo bila kutusumbua. Nimewahi kupika kwa mawe na nimepika kwa sukari ya jikoni, na sijakutana na mtu aliyeweza kuzitofautisha kwenye glasi. Dubbel, ndugu yake wa rangi ya kahawia, ni kesi nyingine. Kule ile sharubati nyeusi ya sukari ndiyo inayoleta ladha ya zabibu kavu na karameli, na hapo usibane mkono.

Siku ya kupika ni ndefu lakini haina mambo mengi. Naloweka kimea kilichosagwa katika maji ya nyuzi 65 kwa saa moja na nusu. Kuna vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi humo: kimoja kinapenda joto la chini, kama nyuzi 60 hadi 65, na kinatoa sukari nyepesi inayolika, kingine kinapenda nyuzi 70 hivi na kinaacha vipande vikubwa visivyolika. Tripel inataka kazi ya yule wa kwanza, kwa hiyo joto likipanda hadi 68 naongeza maji baridi mara moja, sisubiri lishuke lenyewe. Kisha nasuuza machicha, nakusanya maji ya kimea, nachemsha dakika 90 bila mfuniko. Muda huo mrefu una sababu. Kimea cheupe kina kitu ambacho kikipashwa moto hutoa harufu ya mahindi ya kuchemsha, na njia pekee ya kuitoa ni kuiacha iondoke na mvuke. Ukifunika sufuria, inadondoka tena ndani.

Hopsi natumia Saaz au Styrian Goldings, kiasi cha kuleta uchungu wa kusawazisha tu, nyingi zikiingia mwanzo wa kuchemsha na konzi moja mwishoni kwa ajili ya harufu. Sina la kuongeza hapo. Kuhusu usafi, kila kitu kitakachogusa bia baada ya kuchemsha lazima kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe, kisha kipite kwenye dawa ya kuua vijidudu. Asiye na subira ya kusafisha asianze kazi hii.

Baada ya hapo napoza haraka kwa koili ya shaba inayopitisha maji baridi, hadi nyuzi 18. Namimina ndani ya ndoo kwa kishindo, makusudi, ili povu lijae na hewa iingie. Hamira inahitaji oksijeni mwanzoni ili ijenge ngozi imara za seli zake, hasa inapokwenda kuishi kwenye kilevi kikali. Huo ndio wakati pekee hewa inapokaribishwa. Kuanzia hamira ianze kazi hadi chupa zifungwe, hewa inaifanya bia iwe na ladha ya karatasi iliyolowa.

Na hamira yenyewe iwe nyingi. Kanuni ninayoifuata ni seli laki 7.5 kwa kila mililita, kwa kila digrii ya Plato, yaani kipimo cha sukari iliyomo kwenye maji ya kimea. Maji ya kimea ya 1.080 yana digrii 19 na kitu, kwa hiyo lita 20 zinahitaji seli karibu bilioni 290. Pakiti moja ya hamira ya maji haifiki huko. Ama unaikuza kwanza kwa siku mbili katika maji mepesi ya kimea, ama unatumia pakiti zaidi ya moja. Wengine hupunguza hamira makusudi wakiamini kwamba ikiteseka itatoa harufu nyingi zaidi. Huenda ikatoa, lakini utapata na zile usizozitaka, na mara nyingi itachoka kabla ya kumaliza safari.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapo ndipo mchezo wote ulipo.

Hamira inapokula, inatoa joto. Chumba kinaweza kuwa na nyuzi 20 na katikati ya ndoo pakawa na 24 au 25. Kipimajoto cha ukutani hakikwambii kitu. Mimi hubandika kihisio kwenye ubavu wa ndoo, nikakifunika kwa kipande cha sifongo na gundi ya karatasi ili kisipime hewa ya chumba. Usiku wa pili ndio wa kuangalia. Ukiweka sikio kwenye mfuniko unasikia vitu vinachemkachemka chini, na povu la rangi ya maziwa yenye madoadoa ya kahawia linapanda hadi kugonga mfuniko. Siweki kile kidude kidogo cha kupumulia katika siku hizo. Naweka mpira mnene unaoishia kwenye chombo cha maji yenye dawa, kwa sababu povu la hamira za Kibelgiji lina tabia ya kutoka nje, na likiziba tundu dogo, mfuniko utaupata darini.

Kuna kitu kimoja kilinifumbua macho kuhusu joto kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma. Mimi na rafiki yangu tunayepika naye tulichemsha sufuria moja kubwa, tukagawa maji yale yale katika ndoo tatu, tukatia hamira ile ile kwa kiasi kile kile. Ndoo ya kwanza tuliishikilia kwenye nyuzi 18 mwanzo hadi mwisho. Ya pili tuliianzia 18, baada ya siku mbili tukaiacha ipande polepole hadi 24. Ya tatu alitaka yeye: ianzie 27 moja kwa moja, kwa hoja kwamba Wabelgiji wanapenda joto, sasa kwa nini tuizungushe.

Ya kwanza ilitoa bia safi, ya heshima, lakini yenye aibu. Karafuu kidogo, ndizi hakuna, na ilikwama 1.018 ikabaki na utamu unaong'ang'ania ulimi. Ya pili ilishuka hadi 1.009, ikawa na matunda na viungo vilivyokaa pamoja bila kugombana, na kilevi chake hukisikii hadi unaposimama kutoka kwenye kiti. Ya tatu tuliijua kabla hata ya kuionja.

"Kaka, hii yako inanuka rangi ya kucha," nikamwambia.

"Iache ikae. Itatulia."

Haikutulia. Harufu ile ni ya ethili asetati, na pamoja nayo kulikuwa na vile vilevi vizito vinavyochoma koo na kuamsha kichwa asubuhi. Mambo hayo hutengenezwa mwanzoni, hamira inapozaliana, na yakishaingia kwenye bia ya nguvu hiyo hayaondoki kwa kusubiri mwezi au miwili. Joto lile lile likija mwishoni, hamira ikiwa imeshazaliana na inamalizia kula, halileti madhara hayo. Linaisaidia ifike chini. Kwa hiyo kuuliza "tripel inapikwa kwa nyuzi ngapi" hakukusaidii sana. Uliza inaanzia ngapi, na inapanda kwa mwendo gani.

Hata Watrapisti wenyewe wameachana njia hapo. Westmalle huanzia karibu na 18 na hawapendi ipite 20 kwa mbali. Westvleteren wanaiachia ipande hadi karibu 28. Na Westvleteren huchukua hamira yao kutoka Westmalle! Mbegu moja, nyumba mbili za watawa wa shirika moja, na bia hazifanani. Mimi nimetua kwenye 18 kupanda 23 au 24 kwa siku tano sita, na kwa vyombo vya nyumbani sioni sababu ya kwenda juu zaidi. Wao wana matangi mapana na uzoefu wa miaka mingi na hamira moja. Mimi nina ndoo.

Harufu zenyewe zina njia mbili za kuzaliwa, na ukizijua unaacha kubahatisha. Ndizi na matunda ni esta, zinazotoka pale kilevi kinapoungana na asidi ndani ya seli, na zinaongezeka joto likipanda. Karafuu na pilipili ni fenoli. Kimea kina asidi iitwayo feruliki, na hamira zenye uwezo huo huigeuza kuwa kitu chenye harufu ya karafuu. Hamira nyingi za bia za kawaida hazina uwezo huo kabisa, ndiyo maana huwezi kupata bia ya Kibelgiji kwa kutia hamira ya Kiingereza na kuomba Mungu. Ingawa kuna kisa cha kuchekesha hapo: hamira ya Duvel, bia nyingine kali ya Kibelgiji, ina asili ya Uskoti, alikokwenda mtengenezaji wake Albert Moortgat kuitafuta baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Bia ikaanza kuitwa Duvel mwaka 1923, na leo hakuna anayeifikiria Uskoti akiinywa.

Sukari siitii kwenye sufuria. Naisubirisha hadi siku ya tatu, povu likianza kuinama, nikaiyeyusha katika maji kidogo, nikaichemsha, nikaipoza, nikaimwaga taratibu. Hamira ikikuta sukari rahisi tangu siku ya kwanza inaila hiyo kwanza, halafu inakuwa mvivu kwenye kazi ngumu ya kimea. Ni mtoto aliyepewa kashata kabla ya chakula. Ukiichelewesha unapunguza pia uzito wa maji yanayoikandamiza mwanzoni. Tahadhari moja: mimina polepole kweli. Ndoo imejaa gesi iliyoyeyuka, na ukiishtua, povu litaruka hadi kwenye soksi.

Kisha unakuja wakati wa kuacha mikono mfukoni, na huu ndio uliokuwa mgumu kwangu kuliko kupika. Haidromita inashuka kwa kasi hadi 1.025 au 1.020, halafu inaanza kusuasua. Leo 1.019, keshokutwa 1.018. Juu ya ndoo kumetulia, mrija hautoi mapovu, kila kitu kinasema kazi imeisha. Haijaisha. Nafanya mambo mawili tu: nahakikisha joto halishuki, maana hamira ya Kibelgiji ikipoa ghafla inalala, na naitikisa ndoo kidogo bila kuifungua ili hamira iliyozama inyanyuke. Siihamishii kwenye chombo kingine. Wanaofanya hivyo katika hatua hii wanaitenga bia na hamira ambayo bado inaihitaji, na kuichanganya na hewa juu yake.

Pima kwa haidromita, si kwa rifraktomita. Kile kifaa cha kuangalizia tone moja ni kizuri siku ya kupika, lakini kilevi kikishaingia kinapotosha, na kitakuambia bia imekwama 1.030 wakati imefika 1.010. Nimewaona watu wakinunua hamira mpya kuokoa bia ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Hapo niseme na jambo la saison, binamu wa tripel kutoka mashamba ya Hainaut. Hamira maarufu ya aina ya Dupont inajulikana kwa kukwama katikati ya njia, ikakaa juu ya 1.030 hata wiki nzima, halafu ikiongezewa joto inaendelea hadi inakausha kila kitu. Na baadhi ya hamira za saison zina kimeng'enya kinachovunja hata yale mabaki ambayo hamira nyingine huyaacha. Zinaendelea kula taratibu, wiki hadi wiki. Ukiweka kwenye chupa bia kama hiyo ukidhani imemaliza, gesi itaendelea kutengenezwa ndani ya kioo. Mimi siziwekei chupa hadi vipimo vitatu, kila kimoja kikitenganishwa na siku nne au tano, vitoe namba ileile.

Hilo linanileta kwenye chupa, sehemu ambayo watu huipuuza kwa sababu wameshachoka. Bia za Kibelgiji zinataka gesi nyingi. Gesi ndiyo inayoinua harufu hadi puani na kuifanya bia nzito ionekane nyepesi. Natumia gramu 8 za sukari kwa kila lita, yaani gramu 160 kwa lita 20, na hiyo inanifikisha kwenye ujazo wa gesi mara tatu ya bia yenyewe. Bia nyingine nyingi huridhika na mbili na nusu. Kwa shinikizo hilo chupa nyembamba ni mtego. Nimeiona moja iliyopasuka ndani ya boksi: shingo ilibaki imesimama na kizibo chake kichwani, na vipande vya ubavuni vilikuwa vimezama kwenye ukuta wa boksi kwa upande wa kona zao, vingine vimetokeza nje. Tangu nilipoiona natumia chupa nene zilizotengenezwa kwa bia za aina hii au kwa mvinyo wenye mapovu, na zinakaa kwenye chombo chenye mfuniko hadi gesi iive.

Naongeza pia hamira mpya kidogo wakati wa kuweka kwenye chupa. Ile iliyofanya kazi yote imeshachoka, imeishi kwenye asilimia 9 ya kilevi kwa wiki kadhaa, na kuidai itengeneze na gesi ni kuionea. Bila hamira mpya chupa zinaweza kukaa mwezi mzima zikiwa bapa. Nikishaiongeza, nikaziweka kwenye chumba cha nyuzi 23 hivi, wiki mbili au tatu zinatosha.

Kuhusu kungoja baada ya hapo, naona watu wanazidisha. Dubbel na zile nyeusi nzito zaidi zinavumilia mwaka na kuzidi, na nyingine zinanoga zaidi. Tripel haihitaji. Kilevi chake kinahitaji kama miezi miwili kulainika, hopsi zake zinaanza kufifia baada ya miezi sita, na kati ya hapo ndipo inapokuwa nzuri. Tripel ya miaka miwili aliyonitolea mtu kwa heshima kubwa ilikuwa na asali nyingi na karatasi kidogo, na uchangamfu haukuwamo tena. Nilimshukuru, nikainywa.

Siku ya kuifungua, isiwe baridi sana. Kwa nyuzi 8 hadi 10 harufu zinafunguka. Glasi iwe pana na yenye nafasi, kwa sababu povu linapanda zaidi ya unavyotarajia. Mimina kwa mkono mmoja bila kusimamasimama, maana kila ukiinua chupa na kuilaza tena, mashapo ya chini yanavurugika. Bakiza kidole kimoja cha bia chini ya chupa. Mashapo hayana madhara, wengine huyapenda, ila yanaifanya bia ya dhahabu iwe na ukungu na ladha ya unga mbichi.

Yale ya kwenye ndoo, hayo siyatupi, ingawa si kila hamira inafaa kurudiwa. Iliyotoka kwenye tripel haifai kupika tripel nyingine, imeshaumia. Njia niliyoizoea sasa ni kupika bia mbili kwa mfuatano. Ya kwanza ni ndogo, ya aina ile ambayo watawa huitengeneza kwa meza yao wenyewe; Westmalle wana yao, ya asilimia 4.8, inayoitwa Extra. Yangu ni kilo 4 za kimea kwa lita 20, bila sukari, kipimo cha mwanzo 1.045. Inachacha kwa siku chache bila fujo. Nikiitoa kwenda kwenye chupa, nateka kutoka chini ya ndoo kama mililita 250 za hamira nzito yenye rangi ya krimu, naiweka kwenye chupa ya mdomo mpana iliyosafishwa, kizibo kikiwa kimelegezwa ili gesi itoke, na inaingia kwenye friji. Ndani ya wiki moja inakwenda kwenye tripel, ikiwa changa, imeshiba na ni nyingi kiasi kwamba kuikuza hakuhitajiki tena.

Faida ya pili sikuipangia. Bia ndogo inakuwa tayari kunywewa wakati tripel ingali ndani ya ndoo, na mtu mwenye kitu cha kunywa haendi kuchungulia chini ya mfuniko kila jioni.